Mdudu wa Ukingoni Alinitia Adabu

Kila mtu ana mwalimu wake. Mmoja hufundishwa na kitabu, mwingine na njaa, mwingine na mke wake. Mimi, mtu mzima mwenye watoto wanne, nilifundishwa na mdudu asiyezidi pingili ya kidole gumba. Sioni haya kuisimulia habari hii, kwa maana najua wako wenzangu wengi kando ya mito yetu ambao hata leo wanafanya yale niliyoyafanya mimi.

Kwetu ni upande wa Matombo, mashariki ya milima ya Uluguru. Mtu akitoka Morogoro mjini hupita Bigwa, Kiroka na Mkuyuni, ndipo afike kwetu. Vijito ni vingi, na vyote hukimbilia mto Ruvu. Nao Ruvu hupeleka maji yetu mpaka Bahari ya Hindi karibu na Bagamoyo, na kabla ya kufika huko huwanywesha watu wa Dar es Salaam.

Kwetu sisi Waluguru ardhi hufuata upande wa mama, basi kipande changu nilipewa na mjomba. Siku aliyonionyesha mipaka tulitembea toka mwembe wa zamani, tukateremka kuelekea kijitoni. Mjomba akasimama mahali palipoanza matete na majani marefu, hatua nyingi kabla ya maji. Akachomeka fimbo yake, akasema, "Mpwa wangu, hapa ndipo shamba lako linapokoma. Pale chini si pako wala si pangu. Pale ni pa mto wenyewe."

"Nimesikia, mjomba," nikajibu.

Kusikia nilisikia. Lakini macho yangu yalikwisha kuuona udongo wa pale ukingoni, mweusi, laini, wenye unyevu hata wakati wa kiangazi. Nikasema moyoni, wazee hawa wanaacha mali ioze bure.

Mwaka 2017, masika yalipokwisha, nilishika panga na jembe. Nikakata matete, nikang'oa majani, nikayakusanya mawe na kuyatupa kando, nikalima mpaka miguu yangu ikagusa maji. Nikapanda nyanya, mchicha na pilipili hoho. Mboga zikastawi, nami nikapita kijijini kifua mbele.

Jumamosi moja kijana wangu wa pili, wakati ule mwenye umri wa miaka minane, alikuja kunisaidia. Nilimwambia aondoe mawe machache yaliyobaki karibu na maji. Akaliinua jiwe moja bapa, na chini yake mlikuwa na wadudu kama sita wamekusanyika pamoja. Wakatawanyika mbio. Mtoto, kama walivyo watoto, akamkamata mmoja. Nikasikia mlio mdogo, kama bisi ikipasuka sufuriani. Mtoto akapiga kelele, "Baba, ameniunguza!"

Nilikimbilia kumtazama. Vidole viwili vilikuwa vimeingia rangi ya kahawia, kama mtu aliyeshika hina, na harufu kali ilipanda puani. Nilimwosha kwa maji mengi. Malengelenge hayakutoka, na maumivu yakapungua kabla hatujafika nyumbani, ila rangi ile ilikaa vidoleni siku kadhaa.

Kijijini habari haikai. Jioni ile wengine walisema ni sumu ya kuua, wengine wakasema mdudu wa namna hiyo ametumwa na mtu. Mama watoto akaniambia, "Baba, mahali penye wadudu wa moto hapafai kwa watoto. Acha kulima pale." Badala ya kuyafikiri maneno yake, mimi nilikasirika. Asubuhi nilinunua chupa ya dawa ya kuulia wadudu, nikaichanganya kwa ukali kupita ilivyoandikwa kwenye karatasi yake, nikabeba bomba mgongoni. Nikapulizia ukingo wote, kila jiwe na kila ufa, na dawa iliyobaki nikaimwaga palepale.

Kesho yake nilikwenda kutazama ushindi wangu. Kweli, mbawakawa walikuwa wamelala chali. Lakini hawakulala peke yao. Palikuwa na nyenje, buibui, vyura wawili, na kaa wa mtoni amegeuka tumbo juu. Ndani ya maji, penye kidimbwi kidogo, visamaki vilielea vyeupe.

Hapo ndipo nikasikia vicheko vya wasichana. Chini kidogo ya shamba langu ndipo watu wa kitongoji chetu wanapochota maji ya kunywa. Binti wa dada yangu alikuwa amekwisha kujitwisha ndoo, anapanda njia. Ndugu zangu, sijapata kukimbia namna ile tangu nilipooa. Nilipiga kelele, "Mwageni! Mwageni maji hayo, msinywe!"

Wakasimama, wakanitazama. Mama mmoja mzee akauliza, "Kuna nini, mwanangu?"

Ningeweza kudanganya. Ningeweza kusema nimeona mzoga. Lakini nilimtazama yule binti, ndoo kichwani, maji yakimtiririka usoni, nikasema, "Ni mimi. Nimepiga dawa mtoni."

Hakuna aliyeugua, namshukuru Mungu. Lakini kwa siku nyingi watu walipanda mpaka chemchemi ya juu kuchota maji, mwendo mrefu wa kilima kikali. Mjomba hakunigombeza. Alikuja na fimbo yake ileile, akasema neno moja tu: "Wazee wenye magoti mabovu watapataje maji?" Nikaelewa. Nikateka maji ya nyumba tatu za wazee, asubuhi na jioni, mpaka watu walipokubali kurudi kijitoni. Kifua changu hakikuwa mbele tena.

Baada ya hayo nilikwenda kwa mwalimu mmoja wa sayansi wa shule ya sekondari, mtu mpole, nikamwuliza juu ya yule mdudu. Nilitaka kujua nimepigana na nani. Na haya ndiyo niliyojifunza kwake na kwa macho yangu mwenyewe tangu siku ile.

Mdudu huyu ni mbawakawa, lakini si yule wa mavi ya ng'ombe wala yule anayetoboa minazi. Ni wa jamii kubwa ya mbawakawa wa ardhini, wakimbiaji na wawindaji, ambao mabingwa wa elimu ya wadudu huwaita Karabidi. Duniani wanajulikana aina zao zaidi ya 30,000. Huyu wetu ni wa ukoo wa wapiga mizinga. Mmoja wa ndugu zake wa Afrika huitwa kwa Kilatini Stenaptinus insignis.

Urefu wake ni kama sentimita moja na nusu, pengine mbili. Kichwa, kifua na miguu ni rangi ya manjano iliyoiva, kama embe dodo. Mgongoni ana mabawa mawili magumu, meusi yenye mabaka ya manjano, na yana mifereji kama shamba lililopigwa matuta. Mabawa hayo yamekatwa butu kwa nyuma, hayafuniki mwili wote, hata ncha ya tumbo huonekana nje kama shati fupi kwa mtu mnene. Kumbe hiyo ncha ndiyo mzinga wake. Miguu yake sita ni mirefu na myembamba, kwa maana yeye ni mtu wa mbio. Papasi zake mbili ni kama nyuzi, nazo hazitulii. Hupapasa njia kama kipofu apapasavyo kwa mkongojo. Mdomoni ana koleo mbili kali zinazokutana kwa mbele.

Sasa nieleze habari ya mzinga. Ndani ya tumbo lake mna vifuko vya akiba, na akiba hiyo ina vitu viwili vilivyochanganyika. Kimoja ni haidrojeni peroksidi, ndugu wa ile dawa ya zahanati inayotoa povu ikimwagiwa kidondani. Kingine ni cha jamii ya haidrokwinoni, kile kile kilichomo katika baadhi ya krimu za kujichubua ngozi, ambazo serikali yetu imezipiga marufuku. Vikiwa katika kifuko vinakaa kwa amani. Lakini mdudu akishikwa, huvisukuma katika chumba cha pili chenye kuta ngumu, na humo mna vichocheo. Mara moja vyote huchemka na kulipuka, vikatoka nje kwa mlio, na joto lake hufika digrii 100, yaani joto la maji yanayotokota. Kinachotoka ndicho kilichowapaka hina vidole vya mwanangu.

Mtu atauliza, mbona yeye mwenyewe haungui? Jambo hili liliwashughulisha wataalamu miaka mingi. Mwaka 1969 Thomas Eisner, Daniel Aneshansley na wenzao, wa chuo kikuu cha Cornell huko Marekani, walipima joto lile na kuuonyesha ulimwengu kwamba ni kweli hufika kuchemka. Mwaka 1990 wakatangaza ajabu ya pili: risasi yake si moja, bali ni mfululizo wa vipigo vidogo kama 500 kwa sekunde moja. Milipuko ikikatika namna hiyo, chumba hupata kupoa kidogo kati ya kipigo na kipigo. Na mwaka 1999 Eisner na Aneshansley walitoa picha za yule wa Afrika niliyemtaja, zikionyesha jinsi anavyoipinda ncha ya tumbo na kulenga shabaha. Ukimshika mguu wa mbele wa kushoto, hupiga mbele kushoto. Ukimshika wa nyuma, hupiga nyuma. Hata mgongoni mwake anaweza kulenga.

Nao vyura wanamjua. Mwaka 2018 wataalamu wawili wa Japani, Shinji Sugiura na Takuya Sato, waliwapa vyura wa nchi kavu mbawakawa wa ukoo huu wa kwao. Vyura wakameza. Ikasikika milipuko ndani ya matumbo! Karibu vyura 43 katika kila 100 waliwatapika, wengine baada ya dakika 12, wengine baada ya dakika 107, na mbawakawa wote waliotapikwa walitoka wazima, wakaendelea na safari zao.

Mwalimu alipoona nimetahayari kwa ujinga wangu alinifariji kwa kisa cha Charles Darwin, yule bingwa Mwingereza wa viumbe hai. Alipokuwa kijana wa chuo huko Cambridge alipenda mno kukusanya mbawakawa. Siku moja alibandua gome la mti akaona wawili wa aina adimu, akakamata mmoja kila mkono. Akamwona wa tatu. Hakutaka kumkosa, basi akamtia yule wa mkono wa kulia mdomoni. Mdudu akamtemea maji makali yaliyomchoma ulimi, ikambidi amteme, akamkosa huyo na yule wa tatu pia. Tamaa ya mambo mengi si yangu peke yangu.

Lakini silaha si tabia yote ya mdudu huyu. Nilitaka kujua anaishije. Hilo lilinichukua muda, kwa kuwa pale kwangu hakubaki hata mmoja. Ilinilazimu kwenda ng'ambo ya kijito, kwenye ukingo ambao jirani hakuulima. Mjomba alifuatana nami usiku kwa kurunzi. Ndipo nilipojua kwamba yeye alikuwa anawajua siku zote, maana utotoni mwake naye aliunguzwa.

Mchana mbawakawa hawa hawaonekani. Hukaa chini ya mawe, magogo na matete yaliyolala, mahali penye unyevu lakini pasipojaa maji. Mara nyingi hukaa kwa kundi, pengine watano, pengine kumi, kama abiria waliokimbilia banda wakati wa mvua. Giza likiingia, hutoka mmoja mmoja. Hukimbia hatua chache, husimama, hupapasa, kisha hukimbia tena. Hula wadudu wadogo, mabuu laini na hata mizoga ya viumbe walioletwa na maji. Niliona mmoja akimvuta kiwavi aliyemzidi unene, akirudi nyumanyuma kama mtu avutaye gunia la mahindi. Nikakumbuka viwavi wangapi nimewaokota kwa mkono katika nyanya zangu.

Pembeni mwa maji wako na jamaa zake. Wako wadogo kama punje ya mtama, wanaokimbia juu ya tope. Yuko wa rangi ya kijani inayong'aa, ambaye ukimshika hanuki moto bali hunuka kama dawa ya kusafishia choo. Kila mmoja ana mahali pake: huyu kwenye mchanga, huyu kwenye tope, huyu katika mizizi ya majani. Mto ukijaa husogea juu, maji yakipungua hurudi. Ukingo ni mji wao, nao wanajua barabara zake.

Habari ya watoto wake ndiyo iliyonigusa kuliko zote. Ndugu wa mbawakawa huyu wamechunguzwa Japani na Amerika. Jike hutaga katika udongo wenye unyevu. Buu likiangua huwa jembamba na lenye mbio, nalo hutafuta shimo la chenene, yule mdudu mchimbaji mwenye mikono kama koleo, anayekata mizizi ya miche usiku. Likipata chumba ambamo chenene ametaga, huingia na kula mayai yale. Huko hunenepa, hupunguza kutembea, halafu hujigeuza ndani ya udongo kama kiwavi anavyojigeuza kuwa kipepeo. Katika jimbo la Florida, Marekani, ambako chenene waliotoka Amerika ya Kusini wameharibu majani ya malisho, wataalamu walimchunguza mbawakawa wa ukoo huu ili wajue kama angeweza kutumiwa kupambana nao. Kwa hiyo wenzetu walikuwa wakimtafuta kwa gharama msaidizi ambaye mimi nilinunua dawa nimwue.

Nasema haya kwa sababu mwezi ule ule miche yangu ya pili ilianza kuanguka. Asubuhi nilikuta mistari ya udongo uliovimba, na miche imelala imekatwa chini. Chenene. Siwezi kuapa kwamba waliongezeka kwa sababu niliwaua mbawakawa; sikuwahesabu kabla wala baada. Pengine udongo niliolainisha kwa jembe uliwavuta. Lakini neno moja nina hakika nalo: katika ukingo ule nilikuwa nimewaua wawindaji wote wa usiku, mbawakawa, buibui na vyura pamoja, nami nikabaki mlinzi peke yangu. Na mlinzi huyu usiku hulala.

Kisha yakaja masika ya mwaka 2018. Mvua ilinyesha kwa nguvu mno. Kijito kiligeuka rangi ya chai ya maziwa, kikanguruma usiku kucha. Kulipokucha niliteremka. Pale palipokuwa na matuta yangu hapakuwa na kitu ila ukuta wa udongo uliokatwa wima, na maji yakiula kwa chini. Bustani yote ilikuwa imekwenda na maji, na hatua tatu za shamba langu halali pamoja nayo. Ng'ambo, kwa jirani, matete yalikuwa yamelala chini kama watu waliosujudu, lakini mizizi ilikuwa imeshika, na ukingo ulikuwa mzima.

Mjomba alinikuta nimekaa juu ya jiwe. Nilimwamkia, "Shikamoo, mjomba." Akaitikia marahaba, akakaa. Akanisimulia habari aliyoisikia kwa wazazi wake. Mwaka 1950 serikali ya kikoloni ilianza katika Uluguru mpango wa kuilinda ardhi isimomonyoke, na watu wakalazimishwa kuchimba matuta ya ngazi milimani. Kazi ilikuwa ngumu, na watu hawakuona faida yake katika mavuno. Mwaka 1955 wakakataa, ghasia zikazuka huku kwetu Matombo, na mtu mmoja akapoteza maisha yake. Mpango ukaachwa. "Tangu hapo," akasema mjomba, "mtu akituambia jambo la kulinda udongo, wengine husikia sauti ya bakora. Ndiyo maana sikukulazimisha. Nilikuambia tu. Sasa mto umekuambia kwa sauti yake."

Ndugu wasomaji, ipo sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu zinazoweza kuharibu ukingo ndani ya meta 60 kutoka mtoni. Najua wengi wataona meta 60 ni nyingi kwa mtu mwenye shamba la kitambaa cha leso, hasa milimani kwetu ambako kila bonde lina kijito. Mimi si ofisa, siwezi kumpimia mtu kamba. Nasimulia niliyoyaona, kila mtu apime kwa moyo wake na kwa watoto wake wanaokunywa maji yale.

Tulichofanya ni hiki. Tulipanda tena matete na mabingobingo ukingoni, mimi na mjomba na vijana wangu. Mawe niliyoyatupa niliyarudisha kwa mikono yangu mwenyewe. Bustani niliipandisha juu, mbali na maji, nikajifunza kutumia samadi na kufunika udongo kwa majani makavu. Dawa sikuiacha kabisa, sitaki kuwadanganya. Lakini nasoma karatasi ya chupa kabla ya kufungua, napima, na kamwe sisafishii bomba mtoni wala kumwaga mabaki yake mahali maji ya mvua yanapopita. Mwaka wa kwanza mavuno yalikuwa madogo. Mama watoto aliuza kuku wawili ili tupate ada ya shule. Haikuwa rahisi.

Mbawakawa hawakurudi mara moja. Mwaka wa kwanza niligeuza mawe nikaona siafu tu. Mwaka wa pili nikaona wale wadogo wa kwenye tope. Baada ya masika ya mwaka 2021 kijana wangu, yule aliyeunguzwa, alikuja mbio toka kijitoni akiita, "Baba, wamerudi!" Tulikwenda pamoja. Akaliinua jiwe taratibu kwa kijiti. Walikuwa wanne, wa manjano na weusi, wakikimbilia mizizi. Akalirudisha jiwe kama mtu anayefunga mlango wa nyumba ya watu waliolala. Sikumfundisha hilo, alijifunza kwa vidole vyake.

Uluguru yetu ina viumbe wengi ambao hata sisi wenyeji hatuwajui majina. Mwaka 1957 Pierre Basilewsky, bingwa wa mbawakawa wa ardhini kutoka Ubelgiji, na mwenzake Narcisse Leleup walifika katika milima hii kukusanya wadudu, na baadhi ya mbawakawa wa misitu yetu ya juu hawapatikani mahali pengine popote duniani. Wageni walivuka bahari kuja kuwatazama. Sisi tunawakanyaga tukienda kisimani.

Namalizia kwa maneno machache ya faida kwa wazazi. Watoto wakicheza mtoni, waambieni wageuze jiwe kwa kijiti, si kwa mkono, na walirudishe kama lilivyokuwa. Mdudu wa manjano na mweusi mwenye mabawa mafupi wasimshike wala wasimsogeze karibu na uso. Akimpiga mtoto mkononi, osheni kwa maji mengi. Rangi itaondoka yenyewe. Akimpiga jichoni, osheni jicho kwa maji safi mengi bila kulisugua, kisha mpelekeni zahanati bila kuchelewa. Wala msimchanganye na yule mdudu mwembamba mwekundu na mweusi anayeitwa nzi wa Nairobi. Huyo hapigi mzinga, bali ukimponda juu ya ngozi maji yake hutoa malengelenge. Mpulizeni aondoke, msimpige kofi.

Mjomba sasa ni mzee sana, hateremki tena kijitoni. Jioni huniuliza, "Je, wenyewe wapo?" Nami najua hawaulizi watu. Namjibu, "Wapo, mjomba." Basi hufurahi, akasema, "Kama wapo wao, maji ni mazuri. Niletee kata ninywe."